Fidia yako ikikwama mikononi mwa wakili: Sheria yasema nini?

TUCHUKUE mfano wa mchuuzi wa mboga aliyevunjika mguu matatu aliyoabiri ilipobingiria. Akiwa angali amelazwa hospitalini, anajiwa na mtu asiyemfahamu ambaye anamwahidi wakili hodari na kumpa karatasi za kutia sahihi. Kesi inawasilishwa mahakamani. Miaka inapita, na kila anapofika ofisini kuuliza, karani anamwambia kuwa kampuni ya bima ingali inajikokota. Siku moja anaamua kwenda mwenyewe kwa kampuni hiyo, na huko anaonyeshwa kwamba hundi ilitolewa kitambo, kwa jina la kampuni ya wakili wake.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini ni wasomaji wachache watakaosema hawajamjua mtu aliyefikwa na mkasa kama huo. Kuzuiliwa kwa pesa za wateja ni miongoni mwa malalamishi yanayotolewa mara kwa mara dhidi ya mawakili humu nchini.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kuwa hundi kuandikwa kwa jina la wakili si kosa. Huo ndio utaratibu wa kawaida, kwani ndiye anayemwakilisha mlalamishi. Kosa huanza pale pesa zinapoingia na mteja asiambiwe, au anapoambiwa na asilipwe. Kati ya hatua hizo mbili mna kanuni chungu nzima. Wateja wengi hawazijui, nao mawakili wachache wasio waaminifu hutegemea kutojua huko.

Sheria kuu inayosimamia taaluma hii ni Sheria ya Mawakili, Sura ya 16 ya Sheria za Kenya, iliyopitishwa mwaka 1989 na ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo. Chini yake kuna kanuni za utendakazi, za hesabu, za ada na za matangazo. Aidha, Chama cha Wanasheria nchini, LSK, kina mwongozo wake wa maadili, ambao ulichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwaka 2017.

Nchini Uingereza kazi hii imegawanywa baina ya wanasheria wa aina mbili: yule anayepokea wateja na kuandaa hati, na yule anayesimama mahakamani kutetea kesi. Kenya haina mgawanyo huo. Wakili mmoja ndiye anayekupokea, kuandika barua, kujadiliana na kampuni ya bima, kushika pesa zako na kusimama mbele ya hakimu. Hivyo basi, uwezo mwingi umo mikononi mwa mtu mmoja, na ndiyo sababu kanuni za maadili zina uzito mkubwa hapa kwetu.

Kifungu cha 55 cha sheria hiyo kinasema kwamba kila wakili ni afisa wa mahakama. Maana yake ni kuwa hawezi kumdanganya hakimu kwa ajili ya mteja wake, wala kuleta ushahidi anaojua ni wa uongo. Mteja anayemtaka wakili "apange mambo" na hakimu anamwomba avunje sheria, na wakili anayekubali kupokea pesa za kazi hiyo hapaswi kuitwa wakili.

Akaunti mbili

Kanuni za Hesabu za Mawakili zinamtaka kila wakili anayeshika pesa za watu awe na akaunti ya wateja katika benki, iliyo mbali na akaunti ya ofisi yake. Fidia, malipo ya kununulia shamba au pesa za urithi zikipokewa, sharti ziwekwe katika akaunti hiyo bila kukawia.

Kuzitoa pia kuna masharti. Anaweza kuzitoa ili amlipe mteja, au mtu mwingine kwa maagizo ya mteja. Anaweza kuzitoa ili kugharimia jambo lililofanywa kwa niaba ya mteja huyo. Anaweza pia kujilipa ada yake, ilmradi amempelekea mteja bili na kumjulisha kuwa pesa hizo zitatumiwa kuilipa. Zaidi ya hapo, hazimhusu. Hawezi kuzitumia kulipa kodi ya ofisi, mishahara ya makarani wala karo ya watoto wake. Hata akiwa na nia safi ya kuzirejesha kesho yake asubuhi, "kukopa" kutoka akaunti ya wateja ni utovu wa nidhamu.

Ukali huu una sababu. Wakili anayeanguka katika mtego huu kwa kawaida haanzi kwa nia ya kuiba. Mwezi mmoja biashara imekuwa mbaya, mwenye nyumba anadai kodi, na katika akaunti ya wateja mna fidia ya mjane fulani ambaye hajaja kuulizia. Anaichota. Fidia ya mteja wa pili inapofika, anaitumia kumlipa mjane. Ya mteja wa tatu inamlipa wa pili. Kwa muda hakuna anayelalamika, kwa kuwa kila mmoja hatimaye analipwa, ingawa amechelewa kidogo. Shimo linajitokeza siku ambapo hundi mpya zinakoma kuingia, na wakati huo wanaogonga mlango ni wateja kumi au ishirini.

Ni kwa ajili ya kugundua shimo hilo mapema kwamba kanuni zinamtaka wakili aweke vitabu vya hesabu vinavyoonyesha pesa za kila mteja peke yake, na zinataka hesabu hizo zikaguliwe na mhasibu anayetoa cheti kila mwaka. Kuna hata kanuni kuhusu riba. Pesa za mteja zikiwa nyingi, au zikitarajiwa kukaa kwa muda mrefu, kiasi cha kwamba ni haki zimzalie faida, wakili anapaswa kuziweka mahali zitakapopata riba, na riba hiyo ni ya mteja.

Kushindwa kutoa hesabu kunaweza kumfikisha wakili mbali zaidi ya nidhamu. Kifungu cha 80 kinafanya kuwa kosa la jinai kwa wakili aliyekabidhiwa pesa au mali kutozilipa au kutozitolea hesabu baada ya shughuli kukamilika.

Mkataba wa "tutagawana"

Suala la ada ndilo linalozua mabishano makali, na hapa lawama si za mawakili peke yao.

Wahasiriwa wengi wa ajali hawana pesa za kumlipa wakili mwanzoni. Wakili anamwambia mteja asiwe na wasiwasi, kwamba kesi ikifaulu atachukua sehemu fulani ya fidia, na ikianguka hatamdai chochote. Mteja anafurahi. Anachokosa kujua ni kwamba makubaliano hayo ni batili. Kifungu cha 46 kinakataza mkataba unaosema wakili atalipwa tu iwapo kesi itafaulu, au kwamba kiwango cha malipo kitategemea kushinda au kushindwa. Kifungu hicho hicho kinabatilisha mkataba ambao wakili ananunua haki ya mteja katika kesi, na ule unaomwondolea wakili lawama za uzembe wake.

Hofu ya sheria ni kwamba wakili mwenye fungu lake ndani ya fidia huwa mshirika katika kesi. Anaweza kumshinikiza mteja akubali malipo duni ya haraka ili naye apate chake, au akashawishika kuupamba ushahidi. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, mwandishi huyu haoni jinsi mchuuzi wa mboga atakavyolipa ada kamili kabla ya kesi kusikizwa, na ni wazi kuwa katazo hili halijazima mtindo wenyewe. Limeufanya uendelee kwa mdomo, bila maandishi, jambo ambalo humwacha mteja bila kinga siku ya kugawana.

Sheria inaruhusu makubaliano ya ada kati ya wakili na mteja, lakini chini ya kifungu cha 45 ni lazima yawe kwa maandishi na kutiwa sahihi na mteja. Pasipo makubaliano hayo, ada hukadiriwa kwa kufuata Agizo la Malipo ya Mawakili, ambalo viwango vyake vilirekebishwa mwaka 2014. Viwango vilivyomo humo ni vya chini kabisa. Wengi hushangaa kusikia kwamba wakili anayekubali kulipwa chini ya viwango hivyo anavunja sheria sawa na anayepora.

Mteja anayeona bili imezidi ana haki ya kutaka ipelekwe kwa msajili wa mahakama, ambaye huipitia kipengele kwa kipengele na kuamua kiasi kinachofaa. Wakili naye hawezi kumshtaki mteja kwa ajili ya ada kabla ya mwezi mmoja kupita tangu ampelekee bili. Katika kesi ya ajali, mteja akumbuke pia kuwa upande ulioshindwa kwa kawaida huamriwa kulipa gharama za kesi mbali na fidia yenyewe. Bili isiyotaja gharama hizo ina jambo la kuulizwa.

Kwa upande mwingine, wakili ambaye hajalipwa ada yake halali ana haki ya kuendelea kushikilia hati za mteja hadi alipwe. Mteja anayetaka kuhamia kwa wakili mwingine na kunyimwa faili hajadhulumiwa moja kwa moja. Pengine anadaiwa.

Mabroka na mawakili bandia

Yule mtu aliyemjia mchuuzi wetu hospitalini ndiye Wakenya wanayemwita broka. Kazi yake ni kuzunguka vyumba vya majeruhi na vituo vya polisi akitafuta majina, kisha kuyauza kwa wakili. Sheria inaliita jambo hilo kosa kwa broka na utovu wa nidhamu kwa wakili anayemtumia. Wakili pia haruhusiwi kugawana ada yake na mtu asiye wakili. Pesa za broka hutoka wapi? Hutoka katika fidia.

Baadhi ya wasomaji watauliza kama marufuku ya kutafuta wateja hayakuondolewa. La hasha. Kilichoondolewa ni marufuku kamili ya kujitangaza. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia mawakili kabisa kutangaza huduma zao kunakiuka Katiba, kwa vile mwananchi ana haki ya kupata habari kuhusu huduma anazonunua. Kanuni mpya za matangazo zikatolewa mwaka 2014. Zinamruhusu wakili kueleza yeye ni nani na anashughulikia masuala gani. Hazimruhusu kutuma watu kwenye vitanda vya wagonjwa.

Hatari nyingine ni ya mtu asiye wakili kabisa. Ili aitwe wakili, mtu anahitaji shahada ya sheria, mafunzo katika Taasisi ya Mafunzo ya Sheria ya Kenya na kipindi cha kufanya kazi chini ya usimamizi wa wakili mwenye uzoefu. Kisha huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuingizwa katika orodha ya mawakili. Hata baada ya hapo, anahitaji leseni inayotolewa upya kila mwaka, na haruhusiwi kufungua ofisi yake mwenyewe kabla ya kuajiriwa kwa miaka miwili.

Oktoba 2023 tawi la Nairobi la LSK lilitoa ilani kuhusu mtu aliyedaiwa kutumia jina la wakili halali baada ya maelezo ya wakili huyo kwenye mtandao wa chama kuchezewa. Habari hizo zilizua kicheko kingi kwa kuwa ilidaiwa mtu huyo alishinda kesi kadhaa, lakini kwa mteja si jambo la kuchekesha. Mtu asiye wakili hana akaunti ya wateja inayokaguliwa, hana bima ya kufidia makosa yake, na haogopi kuondolewa katika orodha ambayo hayumo. Ni vyema kuangalia jina la wakili kwenye orodha ya LSK, ambayo huonyesha kama ana leseni ya mwaka huo, kisha kuhakikisha kuwa nambari ya simu na ofisi zinalingana na za mtu uliyekutana naye.

Vipi ikiwa hati ya shamba lako iliandaliwa na wakili aliyesahau kulipia leseni yake? Kwa miaka mingi hilo lilikuwa janga, kwani hati kama hizo zingeweza kutupiliwa mbali. Mnamo 2015 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi kati ya benki ya National na kampuni ya Anaj Warehousing, kwamba hati haibatiliki kwa sababu hiyo pekee. Adhabu imwendee wakili, si mteja asiye na hatia.

Wakili mmoja, pande mbili

Katika ununuzi wa ardhi, pande zote mbili mara nyingi hukubaliana kumtumia wakili mmoja ili kupunguza gharama. Mambo yakienda sawa hakuna shida. Yakiharibika, wakili huyo anajua siri za wote wawili. Mwaka 1993, katika kesi ya kampuni ya King Woollen Mills, Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kuwa wakili aliyewahudumia mkopeshaji na mkopaji katika shughuli moja hawezi baadaye kumwakilisha mmoja dhidi ya mwenzake katika mzozo unaotokana na shughuli hiyo.

Anayetumia wakili wake mwenyewe ana kinga nyingine: ahadi rasmi ambayo wakili mmoja humpa mwenzake, kwa mfano kwamba pesa zitalipwa pindi hati ya umiliki itakapohamishwa. Ahadi hiyo humfunga wakili yeye binafsi. Akiivunja, Mahakama Kuu inaweza kumwamuru aitimize, hata kama mteja wake amekwisha kutoweka.

Mteja afanye nini?

Turudi kwa mchuuzi wetu. Hatua ya kwanza ni barua kwa wakili mwenyewe, ikiuliza kiasi kilichopokewa, tarehe, kilichokatwa na sababu za kukatwa. Majibu ya simu hayatoshi.

Asipojibiwa, anaweza kupeleka malalamishi kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, iliyoundwa chini ya kifungu cha 53 na ambayo iko chini ya afisi ya Mkuu wa Sheria. Huhitaji wakili ili kushtaki wakili huko. Tume humwandikia wakili ikitaka majibu yake, na mara nyingi barua hiyo peke yake hutosha kufukua hundi iliyokuwa imepotea. Tume inaweza kupatanisha pande mbili, kutupilia mbali lalama zisizo na msingi, au kumfikisha wakili mbele ya Jopo la Nidhamu. Mlalamishi pia anaweza kwenda kwa jopo hilo moja kwa moja kwa kuapa hati ya kiapo.

Jopo linaweza kumkemea wakili, kumsimamisha kazi kwa muda usiozidi miaka mitano, kumtoza faini isiyozidi Sh1 milioni au kuliondoa jina lake katika orodha. Lililo na manufaa zaidi kwa mteja ni uwezo wa kuamuru alipwe fidia isiyozidi Sh5 milioni. Wakili asiporidhika anaweza kukata rufaa katika Mahakama Kuu, na hapo ndipo wengi huvutia muda.

Ni muhimu kutofautisha utovu wa nidhamu na matokeo mabaya. Kushindwa kwa kesi si kosa la kinidhamu. Wala si kosa wakili kukushauri jambo usilopenda kusikia. Lakini wakili akilala hadi muda wa kushtaki ukapita, ambao kwa majeraha ya ajali ni miaka mitatu, mteja anaweza kumshtaki mahakamani kwa uzembe. Ni kwa ajili ya hali kama hiyo kwamba kanuni za mwaka 2004 zinawataka mawakili wawe na bima.

Kuna njia nyingine ambayo haizungumzwi sana. Agizo la 52 la Kanuni za Kesi za Madai za 2010 linamruhusu mteja kuiomba mahakama imwamuru wakili atoe hesabu ya pesa, alizipe, azipeleke mahakamani zihifadhiwe, au arudishe hati. Kwa mtu ambaye ana ushahidi kwamba hundi ilitolewa, njia hii inaweza kuwa ya mkato kuliko nidhamu, kwani inalenga pesa zenyewe badala ya leseni ya wakili.

Ushahidi huo ndio mgumu kupata. Kabla ya kulipa, kampuni ya bima hudai hati ya kukubali malipo iliyotiwa sahihi na mlalamishi, na ni hapo ambapo wateja wengi hujifunga wenyewe kwa kutia sahihi karatasi ambayo kiasi hakijaandikwa. Anayeombwa kufanya hivyo akatae hadi aone tarakimu, kisha aombe nakala. Atunze nambari ya kesi, nambari ya faili ya kampuni ya bima na stakabadhi ya kila shilingi aliyolipa. Na ile barua ya kwanza aipeleke ofisini kwa wakili ikiwa na nakala mbili, moja aiache hapo na nyingine igongwe muhuri na kuandikwa tarehe mbele yake kabla hajaondoka.